Nilisema Yusta Anaumwa

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwamsha Yusta, akalala tena. Nimemwamsha tena, akasema anakuja, akalala. Mtu ana miaka thelathini na tatu, ana diploma ya kilimo, anaamshwa na baba yake kama mtoto wa chekechea. Basi la Manyoni halimsubiri mtu. Akatoka na kikombe cha chai mkononi, viatu hajafunga.

Kuripoti ni Jumatatu moja ndiyo, moja hapana. Leo ilikuwa ndiyo. Afisa uangalizi ni binti mdogo kuliko Yusta, mpole, ananiita baba. Akauliza yale yale. Unakaa wapi? Kwa baba. Umekunywa? Hapana. Umeshika usukani? Hapana. Yusta anajibu huku anaangalia dirishani, kana kwamba anayehojiwa ni mtu mwingine. Nilitamani kumfinya.

Sielewi anakasirikia nini. Februari alitoka Mitundu na pikapu ya kampuni ya asali, amelewa, akamgonga Sospeter na baiskeli yake. Jioni, bado kweupe. Mguu wa Sospeter ukavunjika vibaya. Yusta akakiri kosa. Hakimu angeweza kumfunga, hakumfunga. Akampa mwaka mmoja wa uangalizi. Akae kwangu, asiguse pombe, asiendeshe chombo cha moto, asitoke wilayani bila kibali. Leseni ikachukuliwa. Kazi ikaisha. Mimi nikasimama mbele ya hakimu nikasema nitamwangalia, na nikiona kasoro nitasema. Ndiyo mheshimiwa, nikasema. Kwa sauti kabisa.

Sasa yeye anaona ameonewa. Na ninayechoka ni mimi.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani. Sospeter alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, magongo kayalaza chini. Akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani. Mkewe, Mama Jeni, aliangalia pembeni. Simlaumu. Alizeti yao bado imesimama shambani na mwenye kuikata hana mguu wa kusimamia.

Yusta hakuja. Kichwa. Kila Jumapili kichwa. Mama yake anasema mtoto ana msongo wa mawazo, tusimbane. Nani anambana? Analala mpaka jua linaingia chumbani, anakula, anachezea simu, anajibu kwa kuguna. Ningembana ningejua pa kumshika.

Jumatano, 25 Juni

Leo amenuka kangara. Sijakosea. Nimefanya kazi stesheni ya Itigi mpaka nikastaafu, na wapo waliokuwa wanaingia zamu wakiwa wameonja. Pombe ya asali naijua hata ikifunikwa na pipi ya kifua. Nikamuuliza. Akasema ni asali tu, ameonja kwa jirani. Asali haimfanyi mtu ajikwae kwenye kizingiti cha nyumba aliyozaliwa.

Mama Yusta akaingilia. Akahamia Kigogo, lugha ya kwao. Akihamia Kigogo najua mazungumzo yamekwisha. Nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Daktari amenikataza kupiga kelele kwa sababu ya presha. Ndiyo maana naandika. Basi napiga kelele hapa: ANAKUNYWA. Na mama yake anajua.

Ijumaa, 27 Juni

Rafiki yake Leokadia anaolewa, sendofu yake ni kesho, Shelui. Yusta anataka kwenda. Nikamwambia Shelui ni wilaya ya Iramba, omba kibali. Akampigia afisa mbele yangu. Jibu nililisikia kwa masikio yangu: maombi huletwa mapema, lazima hakimu aone, safari hii haiwezekani. Jibu la wazi. Yusta akaitupa simu kitandani.

"Ni sendofu, baba. Siyo disko."

Nikamwambia kwenye sendofu watu hawanywi maji. Akanuna. Na anune.

Jioni akaja amebadilika, sauti ya upole. Anaomba kwenda Mitundu kwa shangazi yake, akamsaidie kupukuchua mahindi. Mitundu ni ndani ya wilaya. Dada yangu ni mtu mzima, anahitaji msaada. Nikakubali. Hata nilifurahi. Nilimwambia mke wangu, unaona, akili zinaanza kurudi. Mke wangu akasema hata yeye anaona.

Jumapili, 29 Juni

Nimempigia dada yangu Mitundu nimkumbushe kwamba Yusta asichelewe kurudi, kesho ni Manyoni.

Dada akaniuliza, Yusta yupi? Hajamwona tangu Pasaka.

Nikamgeukia Mama Yusta. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua uso. Alijua tangu Ijumaa. Alimpa na kitenge chake kipya cha kuvaa! Tumeishi pamoja miaka mingi, tumezika watoto wawili pamoja, sikumbuki kumkasirikia hivi. Anasema mtoto alihitaji kupumua kidogo. Kupumua. Sospeter naye anahitaji kutembea.

Simu ya Yusta haipatikani.

Jumatatu, 30 Juni

Basi limeondoka bila sisi. Nilikwenda kituoni nikasimama, nikaliangalia linaondoka, nikarudi. Sijui nilikuwa natarajia nini.

Katikati ya asubuhi afisa akapiga. Shikamoo baba. Marahaba.

"Baba, Yusta sijamwona leo. Ni salama huko?"

Mama Yusta alikuwa amesimama mbele yangu, viganja vimeshikana kama anasali.

Nikasema, "Anaumwa."

"Oh, pole sana. Anaumwa nini?"

"Malaria."

Akasema sawa, akipata nafuu aje na karatasi ya hospitali. Akanitakia siku njema. Hakuuliza mara ya pili. Hakuuliza kwa sababu ni mimi. Angekuwa mtu mwingine angeuliza.

Mchana nimepikiwa wali na kuku. Jumatatu! Nilikula vijiko vichache, nikaacha. Mke wangu akadhani chumvi imezidi.

Jumanne, 1 Julai

Amerudi. Bodaboda imemshusha getini, kucha zimepakwa rangi, sauti imekauka. Hakuuliza kama kuna mtu alimtafuta. Nikamwambia nimedanganya kwa ajili yake, tena serikalini, mimi ambaye sijawahi hata kuitwa baraza la kata. Akasema, "Asante baba," haraka, kama mtu aliyepishwa mlangoni. Akaenda kulala.

Asante baba!

Nilikaa uani mpaka kuku wakaingia bandani.

Jumatano, 2 Julai

Mama Jeni amekuja. Alikuwa na beseni lake la mboga, anapita kuuza. Akalitua, akasimama uani, akakataa kiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja nikuonyeshe kitu, basi."

Akanipa simu yake. Video, imetumwa kwenye kundi la kina mama. Msafara wa sendofu, magari yana maua na vitambaa, honi zinapigwa. Gari la mbele dirisha liko wazi. Yusta ameshika usukani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una chupa. Anaimba. Watu nyuma wanamshangilia, jina lake linasikika kabisa. Ni pale Shelui kwenye lami, malori yamepanga pembeni na watu wanakatiza barabara.

"Mume wangu anaenda chooni kwa magongo," akasema Mama Jeni. "Kortini alisema amesamehe, mambo yaishe. Mimi nikanyamaza kwa heshima yake, na kwa heshima yako. Ulisema utamwangalia. Baba, ulikuwa unaangalia wapi?"

Akachukua simu, akajitwika beseni, akaaga. Hakupaza sauti hata kidogo. Angenitukana ningepumua.

Nikamwamsha Yusta. Akaitazama sura yangu, akajua. Akasema dereva wa lile gari alikuwa amelewa zaidi yake, ndiyo maana akampokea usukani. Alisema kama anayetegemea kupongezwa. Zaidi yake!

Alhamisi, 3 Julai

Nimewaambia wote wawili wakati wa chakula cha mchana. Kesho nakwenda Manyoni kumwambia afisa ukweli. Wa Shelui, na wa malaria. Nikamwambia Yusta twende wote. Ukijisemea mwenyewe ni tofauti na kusemewa.

"Unaniuza, baba."

Nikamwambia nilishamuuza yule binti wa Manyoni aliyeniamini, na Sospeter, na jina langu. Sina cha kuuza tena.

Mama Yusta akasema nikienda, nisirudi kula chakula chake. Nikasema sawa. Kichwa kinagonga. Nimemeza dawa ya presha mbele yao ili waone, jambo la kitoto, lakini nimelifanya.

Yusta alinyanyuka, akaosha vyombo vyote, akafagia uani. Nilipaswa kushtuka.

Ijumaa, 4 Julai

Mkata tiketi wa stesheni ananifahamu tangu kazini. Akanipigia asubuhi. "Mzee, binti yako yuko hapa na begi. Amekata ya Tabora."

Nikaenda kwa miguu, haraka kadiri magoti yalivyoruhusu. Yusta alikuwa kwenye benchi, kajifunika kanga kichwani kwa ajili ya upepo. Treni imechelewa. Maisha yangu yote nimewaomba radhi abiria kwa sababu ya treni kuchelewa. Leo nilishukuru. Halafu nikaona tuna muda na hatujui la kufanya nao.

"Umekuja kunizuia," akasema.

"Hapana."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukuambia. Mimi mchana napanda basi la Manyoni. Nikiulizwa uko wapi, nitasema ulipo. Ukiwa nyumbani, nitasema nyumbani. Ukiwa Tabora, nitasema Tabora."

Akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Siku ile ya ajali hakumwona Sospeter. Hakumwona kabisa. Alisikia tu. Kishindo, halafu mtu analia, na kengele ya baiskeli inalia yenyewe. Kila akilala anasikia.

"Nikinywa sisikii," akasema.

Miezi yote hii. Nyumba moja, ukuta mmoja kati yetu.

"Ungesema."

"Ungenihubiria, baba."

Ni kweli. Ningemhubiria. Nilitaka kumshika mkono, nikaishia kuangalia reli.

Treni ikaja. Akasimama. Nilidhani atageuka. Hakugeuka. Begi lilikuwa zito, nikampandishia mimi mwenyewe. Mama mmoja muuza mayai ya kuchemsha akatutakia safari njema, akadhani tunaagana vizuri.

Nikapanda basi. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu kaiweka chini. Malaria nikaisema mwisho. Akasema, "Baba, Jumatatu ungeniambia, labda ningeona namna ya kumsaidia kabla. Sasa ni lazima lifike kwa hakimu." Akanipa maji. Nikayanywa yote kwa sababu sikujua niangalie wapi.

Jumatano, 9 Julai

Hati ya kumkamata imetoka. Askari wamekuja leo, wakaangalia vyumba vyote, hata jikoni, hata banda la kuku. Ghafla kila jirani alikuwa na kazi ya kufanya karibu na uzio wetu.

Nikawaambia yuko Tabora, kwa rafiki, mtaa siujui. Mama Yusta anaujua. Walipomuuliza akasema yeye ni mzee, anasahau. Juzi tu alinikumbusha maneno niliyomwambia mwaka tuliooana. Leo anasahau.

Mpaka sasa hanisemeshi. Ananisemesha kupitia kuku: "Nyie kuku, mwambieni huyo anayewauza watoto wake afunge geti." Kuku hawajaniambia kitu.

Najipikia. Ugali wangu una madonge.

Jumapili, 13 Julai

Madonge tena.

Kanisani nilikaa nyuma, sikutaka kutazamwa. Sospeter akaja, akakaa karibu nami kwa makusudi, akaegesha magongo kwenye goti langu kama ni kitu cha kawaida. Kwa nini mtu niliyemkosea ndiye anayenionea huruma? Hili nalo linaniudhi.

Jumatano, 16 Julai

Yusta amerudi. Kwa treni, alfajiri.

Nilidhani dhamiri imemrudisha. Hapana. Mume wa rafiki yake alisikia habari za polisi, akamwambia atafute pa kwenda. Basi, ndivyo ilivyokuwa. Nimekoma kutarajia makubwa. Lakini kutoka Tabora angeweza kwenda Kigoma, Mwanza, popote. Amekuja hapa.

Mama yake alishafunga vitu, anataka kumpeleka Mitundu akafichwe kwa dada yangu. Safari hii Mitundu ya kweli. Yusta ndiye aliyekataa. Akaoga, akala viporo vya maharage akiwa amesimama, akasema, "Baba, twende kabla sijabadili mawazo."

Kwenye basi alilala begani kwangu, mdomo wazi, kama alivyokuwa analala akiwa mdogo. Sikusogea njia nzima. Bega bado linauma.

Kituo cha polisi wakamwandikisha. Akavua hereni, akanipa. Akanipa na simu. Hakuwa na kingine.

Jumatatu, 21 Julai

Mahakamani. Hakimu yule yule.

Afisa akaeleza yote bila kuongeza chumvi. Hakufika kuripoti. Alitoka wilayani baada ya kukataliwa kibali. Alikunywa. Aliendesha gari hana leseni. Kisha akasema pia kwamba amejisalimisha mwenyewe. Alimtendea haki.

Yusta akakubali kila kitu. Alipoulizwa kama ana la kusema, akageuka akamtafuta Sospeter kwenye mabenchi. Akasema, "Naomba unisamehe, kaka Sospeter." Mara ya kwanza namsikia akilitaja jina hilo mbele za watu. Sospeter akatikisa kichwa kukubali. Mama Jeni hakutikisa.

Halafu hakimu akaniita mimi.

"Mzee, wewe ndiye uliyesema anaumwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ulijua kwamba si kweli?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akasema mahakama ilimwacha binti yangu nje ya jela kwa kuyategemea maneno ya baba yake, na kwamba nimefanya iwe vigumu kwa wazazi wengine kuaminiwa. Chumba kimejaa. Mvi zangu zote. Nilisimama mikono nyuma kama mwanafunzi. Ningependa kuandika kwamba alinionea. Hakunionea.

Uangalizi umefutwa. Amehukumiwa kwa kosa la Februari, miezi minane jela. La Shelui litakuwa na kesi yake huko huko Iramba.

Mama Yusta akatoa yowe moja, fupi. Yusta akamwambia, "Mama, basi." Kwa upole. Wakampitisha mlango wa pembeni.

Jumatano, 23 Julai

Nimekasirika siku nzima. Nimemkasirikia Leokadia na sendofu yake. Nimeikasirikia kampuni iliyompa gari mtu waliyejua anakunywa. Nimemkasirikia Mama Yusta. Yusta. Mimi. Mbuzi wa jirani aliingia bustanini, nikamkasirikia yeye, nikamfukuza mpaka barabarani. Nikarudi nahema.

Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi nimekwenda kugonga mlango wa Yusta ili nimwamshe. Nimegonga kabisa.

Jumapili, 3 Agosti

Tumekwenda kumwona. Mimi na mke wangu, basi moja, viti mbalimbali. Tulibeba sabuni, mafuta ya kupaka na nguo za ndani. Askari wa kike akapekua, akatupeleka.

Amekonda. Wamemnyoa nywele. Anafanya kazi ya bustani na analalamika kwamba wenzake wanapanda mchicha umebanana mno, haukui, na hakuna anayemsikiliza. Alilalamika kwa muda mrefu kweli. Mama yake akaanza kucheka huku anafuta machozi. Nami nikacheka.

Kisha akanigeukia.

"Baba, sijakusamehe."

"Najua."

"Na kile kishindo bado nakisikia. Humu hakuna cha kukizima."

Maneno yalinijaa mdomoni. Niliyameza. Nikasema, "Pole, mwanangu." Akanitazama muda, kama anasubiri mahubiri. Hayakuja.

Askari akasema muda umekwisha. Yusta akasimama. "Jumapili ijayo mje," akasema. Alisema mje.

Wakati wa kurudi basi lilikuwa nusu tupu. Mama Yusta akaja akakaa pembeni yangu. Vumbi lilikuwa jingi, akanipa upande mmoja wa kanga yake nijizibe pua.

Nyumbani akawasha moto. Nikakaa jikoni nikachambua mlenda, hakunifukuza. Akasonga ugali. Tukala nje, upepo umetulia.

Mboga yangu ilipokaribia kwisha, akaniongezea bila kuniuliza.